Tuna milioni 18 za taa za lango na sebule ya wanafunzi, nisaidieni kabla kamati haijasaini

FundiMstaafuMtarajiwa
Jumanne, saa 3:12 usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Miaka 24 nimekaa kitengo cha matengenezo cha chuo kimoja hapa Dar. Nilianza kama fundi umeme wa kupanda ngazi, sasa nimekuwa yule mzee anayeishika ngazi na kusema "kushoto kidogo". Kwa hiyo nyaya nazijua. Ninachoomba hapa si nyaya.

Tuna jengo la mwaka 1974, ghorofa tatu, zege tupu kama walivyopenda wenyewe wakati ule. Lango linatazama magharibi: vipandio saba, halafu kibaraza cha zege kilichobebwa na nguzo mbili nene, na chini yake taa moja ya duara yenye kioo cha maziwa iliyojaa kumbikumbi waliokufa sijui masika ya mwaka gani. Ukipita mlango unaingia ukumbi mdogo, mita 6 kwa 5. Ukuta unaoukuta mbele umepigwa mbao za mninga, wa kulia ni plasta. Mlinzi ana meza yake pale. Kushoto ndiyo sebule ya wanafunzi, mita 14 kwa 9, dari mita 3.2. Sebuleni kuna fremu 16 za tyubu za futi nne, zinazowaka ni tisa, na mbili kati ya hizo tisa zinapepesa kama zinakonyeza watu.

Chuo kimetoa milioni 18. Msambazaji mmoja ameleta mchoro: dari mpya ya jipsam, taa 64 za duara za kuzamisha, wati 12 kila moja, nyeupe ile ya kelvini 6500 (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba kubwa ni nyeupe ya bluu, ndogo ni manjano), mkanda wa LED wa kubadilisha rangi kuzunguka dari yote, na pale ukumbini taa kubwa ya vioo ya kuning'inia. Kamati imeupenda. Mwenyekiti wetu aliona kitu kama hicho hotelini.

Mimi nikiutazama ule mchoro naona duka la simu. Nimewaambia hivyo, wakaniuliza "kwa nini?" nikakosa la kusema zaidi ya kwamba sijaupenda. Kikao ni wiki ijayo. Nipeni maneno, au kama nimekosea mniambie ninyamaze.

---

BalbuMoja
Jumanne, saa 3:40 usiku

Mzee weka hizo taa 64 ulale. Wanafunzi wanataka mwanga na waifai, hayo mengine ni mapambo.

---

Swichi_Njia_Mbili
Jumanne, saa 4:05 usiku

Mzee wangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi tu kama wewe, mambo ya urembo sina, lakini nina mawili ya kukuuliza.

Hizo taa 64 zina draiva 64, yaani vile visanduku vinavyobadilisha umeme ufae LED. Zikizamishwa ndani ya jipsam, juu yake kuna joto lisilo na pa kutokea. Draiva inakufa kabla ya taa yenyewe kwa sababu ya zile kapasita (vihifadhi chaji) ndogo za ndani, na kanuni tunayoishika sisi ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, maisha ya kapasita yanakatika nusu. Kwenye boksi wataandika saa 50,000. Kwa saa 12 kila siku hiyo ni zaidi ya miaka 11. Waulize ni saa 50,000 za joto gani.

La pili, umeme ukikatika na kurudi. Unajua mwenyewe unavyorudi: kwa kishindo. Kabla hujanunua taa hata moja, tia kinga ya mshtuko wa volti kwenye bodi kuu na nyingine kwenye bodi ya hilo jengo. Nimewahi kubadilisha draiva 31 kwa asubuhi moja kwenye jengo ambalo mwenyewe aliona kinga ni gharama.

Na hapo kibarazani, kwa sababu ya chumvi ya bahari, chukua taa ya IP65 (isiyoingiza vumbi wala maji ya kumwagiwa) na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Alumini ya bei rahisi pwani huvimba na kutoa unga mweupe, mwaka wa pili kifuniko hakifunguki tena.

---

FundiMstaafuMtarajiwa
Jumanne, saa 4:31 usiku

Kinga nimeiandika, ahsante sana ndugu yangu. @BalbuMoja kulala nitalala nikistaafu.

---

MchoraKivuli
Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Mkuu, hujakosea. Mimi ni msanifu majengo, na nitajaribu kukupa hayo maneno, ingawa ni marefu kidogo.

Anza na hesabu, kwa sababu kamati hubishana na ladha lakini hesabu huiheshimu. Taa 64 za wati 12, tuseme lumeni 90 (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) kwa kila wati, ni kama lumeni 69,000. Sebule yako ni mita za mraba 126. Gawa, unapata karibu 550. Punguza asilimia 40 inayomezwa na kuta, vumbi na uzee wa taa, unabaki na luksi 330 hivi, yaani lumeni zinazofika kwenye kila mita ya mraba. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1, toleo la 2011, kwa majengo ya elimu kilitaka luksi 200 kwenye chumba cha pamoja cha wanafunzi, 200 ukumbi wa kuingilia, 150 kwenye ngazi na 100 kwenye korido. Kwa hiyo mnanunua mwanga mwingi kuliko unaohitajika, tena mnaumwaga pasipohitajika, yaani sakafuni. Nani anakuja chuoni kutazama sakafu?

Hapo ndipo penye kiini. Taa ya kuzamisha inamulika chini. Mtu aliyesimama mlangoni macho yake yako mbele, yanakutana na kuta na nyuso za watu. Kuta zikiwa giza, chumba kitaonekana giza hata sakafu ikiwa inang'aa kama sahani. Na nyuso chini ya taa hizo zinakuwa na vivuli machoni, kila mtu anaonekana amekesha. Mulika kuta kwanza. Utashangaa chumba kinavyotanuka kwa wati chache.

Kuna Mmarekani anaitwa Richard Kelly, ndiye aliyeshughulikia mwanga kwenye jumba la sanaa la Kimbell kule Texas pamoja na Louis Kahn, lililofunguliwa 1972. Mwaka 1952 aliugawa mwanga wa majengo mafungu matatu, na mimi mpaka leo sijaona mgawanyo ulio bora zaidi. Nautafsiri kwa ninavyouelewa: mwanga unaoenea, kama wa siku ya mawingu, usio na kivuli, mwanga unaovuta jicho, kama taa ya mezani, na vimetameta, kama jua juu ya maji. Mchoro wenu una fungu la kwanza peke yake, mara 64. Mkanda wa rangi na vioo vya kuning'inia ni jaribio la kununua fungu la tatu dukani.

Sasa jengo lenyewe. Swali: juu ya dari iliyopo sasa kuna nini? Majengo mengi ya zege ya miaka ile yana dari ya mashimo ya mraba kama trei ya mayai. Kama na lenu liko hivyo, kuliziba kwa jipsam ni dhambi. Mnakumbuka noti ya zamani ya shilingi 500? Nyuma yake palikuwa na Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zege la kipindi hicho ndilo Benki Kuu iliona linafaa kuwekwa kwenye pesa, na ninyi mnataka kulifunika ili lifanane na saluni.

Ukuta mrefu wa sebule, ule wa mita 14: weka reli ya taa mita moja kutoka ukutani, kwa sababu umbali unaofaa ni kama theluthi ya kimo cha ukuta, kutoka sakafuni hadi darini. Taa 12, moja kila mita 1.15 au 1.2, zenye lenzi ya kueneza mwanga ukutani. Kelvini 3000. Paka ukuta mweupe usiong'aa. Mezani wanaposoma weka taa za kuning'inia chini, kila meza yake, huko ndiko uende luksi 500. Katikati ya chumba acha pawe hafifu. Hafifu si ubovu, ndipo mtu anapoegemea na kuongea na mwenzake.

Tyubu wala usizirudishe, hata za bure. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za floresenti, yaani hizo tyubu, ikome ifikapo 2027. Baada ya hapo utakuwa unatafuta vipuri vya kitu kilichokufa.

Lango nitaliandikia baadaye, nina mteja.

---

Swichi_Njia_Mbili
Jumatano, saa 2:02 asubuhi

Msanifu unaongea vizuri ila dari ukiifumua nyaya zitapita wapi? Mabomba yote nje nje, na yale mashimo ya zege ni nyumba ya buibui. Nani atapanda kufagia?

---

MchoraKivuli
Jumatano, saa 7:45 mchana

Mabomba ya chuma, yanyooke kwa kufuata mbavu za zege, yapakwe rangi ya zege. Bomba lililonyooka halimkeri mtu, linalokera ni lililopinda. Buibui nakupa, umeshinda.

Haya, lango. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani taa ni za usiku. Saa saba mchana nje kwenye jua kuna luksi kama 100,000. Mwanafunzi anapanda vipandio saba, anaingia ukumbi wenye luksi 80, na kwa sekunde kadhaa haoni kitu. Haoni hata kama mlinzi anamwita. Kwa hiyo ukumbi wa kuingilia unahitaji mwanga mwingi zaidi mchana, na usiku unahitaji mdogo, maana mtu anatoka gizani. Fanya laini mbili za umeme. Mchana ziwake zote, usiku ibaki theluthi moja.

Ukuta wa mninga ni mtihani. Mbao nyeusi namna ile inarudisha labda asilimia 15 ya mwanga, ukuta mweupe unarudisha 80. Ukitaka mninga ung'ae mchana kama plasta utahitaji mwanga mara tano. Usihangaike. Mchana tumia ule ukuta wa plasta wa kulia, umwagie mwanga wote. Mninga uache kwa usiku: taa zikae sentimita 20 kutoka ukutani, mwanga uteremke ukiparuza mbao ili mishipa yake ionekane. Hapo chukua taa zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) ya 90 kwenda juu na zinazoonyesha wekundu vizuri, la sivyo mninga utaonekana kama ubao wa jeneza.

Ile taa ya vioo, mkuu, sijui nikwambieje kwa adabu.

---

Yakhe_wa_Matrah
Jumatano, saa 2:30 usiku

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, Oman, kazi yangu taa za mahoteli na misikiti. Huyo mwenyekiti wenu mwambieni hivi: taa ya vioo ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ina urefu wa mita 14. Mita kumi na nne, yakhe, taa peke yake. Imependeza kwa sababu iko chini ya kuba lenye nafasi ya kuimeza. Nyinyi dari yenu mita 3.2. Mtu mrefu akivua kofia ataibeba.

Na rangi za kubadilika badilika huku tulizitia sana zamani, sasa tunalipwa kuzitoa.

Jambo moja la kwetu sote watu wa pwani: taa ya barazani ikiwa nyeupe ya bluu, wadudu wote wa mtaa ni wako. Tieni ya manjano, kelvini 2700 au chini ya hapo, na isitazame nje, itazame juu kwenye zege la kibaraza. Zege litarudisha mwanga chini taratibu, mtu anayepanda haimpigi machoni. Kipandio cha kwanza na cha mwisho vionekane vizuri kuliko vyote, hapo ndipo watu wanapojikwaa.

---

mwaka_wa_tatu
Alhamisi, saa 5:50 usiku

Shikamoo mzee. Samahani kuingilia, sijui kama tuko chuo kimoja lakini sebule uliyoieleza kama naijua vile.

Sisi wasichana tukitoka maktaba saa nne usiku tunaogopa sehemu moja tu: pale chini ya kibaraza, nyuma ya zile nguzo mbili. Taa iko katikati kwa hiyo nyuma ya nguzo kuna kivuli na huwezi kujua kama kuna mtu. Taa ikiongezwa ukali kivuli nacho kinazidi weusi. Naomba nguzo zimulikwe kwa nyuma.

Sebuleni taa za juu zinajirudia kwenye kioo cha kompyuta, ndiyo maana wote tunakaa upande mmoja tukigeukia dirisha. Na soketi mzee. Ziko mbili.

---

MchoraKivuli
Ijumaa, saa 12:55 asubuhi

Mkuu, huyo binti amekupa ushauri kuliko sisi wote. Msikilize wa nguzo.

---

FundiMstaafuMtarajiwa
Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 10:15 jioni

Marahaba mwanangu, na wakuu wote nimerudi. Poleni kwa ukimya.

Niliamua kutopeleka maneno. Nimekaa vikao vingi vya chuo, maneno huko hayana uhaba. MchoraKivuli aliniazima taa sita za reli, nikazifunga kwenye mbao mbili za paa, nikazitundika sebuleni mita moja kutoka ukutani. Nikafumua ubao mmoja wa dari kuchungulia. Ni trei ya mayai kweli! Miaka 24 nimetembea chini yake, na walipoliziba lile zege mwaka 2009 mimi ndiye niliyeshika ngazi. Nilijisikia vibaya kidogo.

Kibarazani nikalaza taa mbili za manjano nyuma ya nguzo, zikitazama juu, na nikaizima ile ya kumbikumbi. Mlinzi akaja mbio akidhani umeme umekatika.

Ijumaa, siku mbili kabla ya leo, nikawaomba wajumbe waje saa moja na nusu usiku. Jua letu huzama kabla ya saa moja mwaka mzima, kwa hiyo giza lilikuwa limekamilika, na hilo limenifundisha pia kwamba sihitaji kifaa cha kuhisi giza, saa ya kawaida ya kuwasha saa kumi na mbili inatosha. Walikuja watatu. Nikawasha kwanza zile tyubu tisa, wakazizoea dakika tano. Halafu nikazima, nikawasha ukuta.

Mama mwenyekiti hakusema kitu. Alikwenda akakaa kwenye benchi la ukutani, lile ambalo hakuna mwanafunzi anayelikalia, akavua miwani akaifuta. Kisha akauliza tulipaka rangi lini. Hatujapaka. Ule ukuta una rangi ya mwaka 2016 na alama za viatu. Nilimwambia tukipaka je, akacheka.

Mjumbe wa fedha, kama kawaida, yeye alikuwa anahesabu taa. "Sita tu?" Nikamwambia hapa ni nusu ya ukuta, zitakuwa 12. Akaniuliza mbona mchoro una 64. Nikamtolea ile hesabu ya 69,000 kugawa 126, nilikuwa nimeiandika kwenye kiganja kama mwanafunzi wa mtihani.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mninga niliuparuza kwa taa ya sentimita 20 kama nilivyoelekezwa, na kweli mishipa ya mbao ilitoka vizuri, lakini vilevile vilitoka viraka vyote, tundu za misumari ya matangazo na mstari wa maji yaliyovuja zamani. Ule mwanga hausitiri. Itabidi fundi seremala apite kwanza, na hilo halikuwemo kwenye milioni 18. Tena mlinzi amelalamika kwamba taa za plasta zikiwaka zote zinampiga ubavuni, nimeisogeza meza yake lakini sasa haoni mlango wa nyuma. Bado tunavutana.

Uamuzi: jipsam imefutwa, rangi za kubadilika zimefutwa. Dari ya sebule inafumuliwa, zege linafagiliwa na kuachwa wazi. Kinga ya volti iko mstari wa kwanza wa mchanganuo, @Swichi_Njia_Mbili, na buibui nimewapa watu wa usafi kila robo mwaka kwa maandishi. Draiva zote nitazikusanya kwenye kabati lenye matundu karibu na bodi ili kijana atakayenirithi asipande ngazi. Taa tatu za njia ya kutokea zitakuwa na betri zake, umeme ukikatika mtu aone anapokanyaga.

Taa ya vioo bado haijafa. Mama mwenyekiti anasema "tutaona". Nimempelekea picha ya ile ya Muscat, na chini yake nikaandika kipimo cha dari yetu.

---

Yakhe_wa_Matrah
Jumapili, saa 11:02 jioni

Hahaha! Mwambie nitamletea kipande kimoja cha kioo, akitie mezani kwake.

---

BalbuMoja
Jumapili, saa 1:10 usiku

Kumbe. Picha basi mzee, tuone huo ukuta.

---

mwaka_wa_tatu
Jumapili, saa 3:26 usiku

Ahsante sana kwa nguzo mzee. Ijumaa nilipita pale nikaona, nikajua kumbe kweli ni chuo chetu. Na soketi?

---

FundiMstaafuMtarajiwa
Jumapili, saa 3:41 usiku

Nane, mwanangu. Ukurasa wa pili wa mchanganuo, chini ya rangi.